Kupandikiza Mimba na Kuhifadhi Nasaba

 

Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya Shura, aya ya 49 na ya 50, kwamba wana ni kipawa Chake, na kwamba amtakaye humfanya tasa. Kwa hayo wako wasemao kwamba kumtibu tasa ni kushindana na kadari. Neno hilo si sawa. Nabii Zakaria mkewe alikuwa tasa, naye hakuacha kuomba; na dawa ni sababu kama dua ilivyo sababu.

Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza mtoto wa kwanza ambaye yai la mamaye lilikutanishwa na mbegu ya babaye nje ya mwili. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, akatoa fatwa kwamba jambo hilo ni halali, yai likiwa la mke na mbegu ikiwa ya mumewe.

Siku hizi tabibu akirudisha kiinitete katika mji wa mimba huongozwa na mashine ya ultrasaundi. Mashine hiyo haitumii miali ya eksirei; hupeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika, yakagonga viungo yakarejea kama mwangwi, ikafanyika picha. Mara nyingi mwanamke huambiwa azuie haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huleta picha safi. Tabibu huiona ncha ya mrija, akaisimamisha kiasi cha sentimita 1 au 2 chini ya paa la mji; kwani paa likiguswa, mji hujikaza, na huenda ukakisukuma kilichotiwa. Zamani kazi hii ilifanywa kwa kupapasa, mfano wa nahodha aingiaye bandarini usiku bila rubani.

Lakini picha yaonyesha mahali. Haionyeshi kilichomo mrijani ni cha nani. Majmaa ya Fiqhi, ilipokutana Amman mwaka 1986, ilihesabu njia saba ikaharimisha tano: mbegu ya mwingine, yai la mwingine, tumbo la mwingine, hata likiwa la mke wa pili wa mume yuleyule. Zilizosalia mbili ni za mke na mume walio katika ndoa.

Basi mume asimwache mkewe aende peke yake. Na aulize kila chupa imeandikwa jina la nani, na viinitete vitakavyobaki vitafanywa nini. Maana ndoa ikikatika kwa talaka au mauti, si halali kuvitia tena. Wala asikatae kupimwa yeye mwenyewe, kwani wako waume watoao talaka kwa utasa ulio wao. Na akipatikana tabibu mwanamke, huyo ndiye wa kutangulizwa.