Marejeo ni Ngamani

Kitale iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa. Wengi wa wakazi wake, na wa Bungoma upande wa kusini wa Mlima Elgon, huzaliwa, wakaoa na kuzeeka bila kuona jahazi isipokuwa kwenye kalenda ya ukutani. Lakini mtoto wa Kiminini au wa Chwele akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, watu wakaitana harambee, hakosekani mwalimu mstaafu wa kuinuka na kusema: "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Makofi hupigwa. Msafiri hutikisa kichwa kukubali. Nami hujiuliza kama msemaji anajua amemwagiza mtoto wa watu arudi mahali gani.

Maana ngama si mahali pazuri. Tezi ni nyuma ya chombo, kwenye usukani, anapokaa nahodha. Omo ni mbele, panapopasua mawimbi. Aliye omo ndiye wa kwanza kuona nchi kavu na ndiye wa kwanza kulowa. Ngama iko chini kabisa, tumboni mwa chombo, ambako maji yanayopenya kwenye mbao hukusanyika na mabaharia hushuka kuyafua. Vyombo vya zamani havikuwa vikavu hata siku moja. Mtepe, ule wa Lamu ulioshonwa kwa kamba za minazi, ulivuja tangu siku ya kushuliwa hadi siku ya kuozea ufuoni. Kufua maji hakukungoja dhoruba. Kulikuwa kazi ya kila siku, gizani, katika harufu ya maji yaliyolala.

Mtahiniwa wa kidato cha nne akipewa methali hii katika insha, huandika kwamba mtu atembee atakavyo, mwishowe atarudi kwao. Hupata alama zake, na ni haki yake. Ila jibu hilo limekwisha kuigeuza ngama kuwa sebule ya mama, chai mezani na mito imepigwa pasi. Mabaharia waliotunga msemo huu hawakuwa wakisifu nyumbani. Anayetaka kusifu nyumbani ana methali yake, ile ya nyumbani ni nyumbani ijapokuwa pangoni. Hawa walisema jambo kali zaidi: ukimaliza kuzunguka chombo chote, unakorudi ni kwenye kazi isiyokwisha, isiyo na wa kuishangilia, na ambayo isipofanywa nahodha mwenyewe atazama pamoja na usukani wake. Tena hawakusema kwa sauti ya kuamrisha. Methali haimwambii mtu rudi. Inamwambia tu marejeo yako wapi, kisha inamwacha na hesabu yake.

Hesabu hiyo huwa nzito kuliko wakati wowote mwanafunzi anapokuwa katika wiki zake za mwisho ugenini. Tasnifu imekwisha kupelekwa. Chumba kina siku ya kurudishwa ufunguo. Mashirika mengi ya ndege humpa masanduku mawili, kilo 23 kila moja, na orodha iliyotumwa kutoka nyumbani haiingii hata katika matatu: simu ya shangazi, viatu vya binamu wawili, koti la baba kwa sababu asubuhi za Julai Kitale huuma. Vitabu ndivyo hutolewa kwanza. Nimekuwa nikiona jambo hili kuwa la kusikitisha, ingawa naelewa; kitabu hakimshukuru mtu mbele ya wageni, na binamu asiyepata viatu hukumbuka. Wakati huohuo wenzake wanajaza fomu za kuongezewa muda wa kukaa, mmoja amepata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mwingine amechumbia. Kila anayemwona humuuliza swali lilelile: unarudi kufanya nini?

Na kwa kweli, katika siku hizo ndipo maji ya ngama huanza kumfikia puani kutoka mbali. Akiwa omo, miezi ya kwanza, habari za nyumbani zilikuwa za kupunguza upweke. Alizisikiliza kama muziki. Sasa anazisikiliza kama mtu atakayezihudumia. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichowahi kuwa tegemeo la mji mzima, kilifungwa mwaka 2009. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia katika mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, na ya Bungoma, na mkulima amekuwa akinunua dawa tangu hapo. Mahindi yakivunwa vizuri bei huanguka. Bodi ya Nafaka ikichelewa kufungua milango, magunia ya kilo 90 huishia kwa dalali. Ikiwa kijana huyu amesomea udongo au wadudu, hizo si habari tena. Ni matundu, naye anajua baadhi yake yanavyozibwa.

Hapo ndipo naona hekima ya kwanza ya methali hii, ambayo walimu huipita mbio. Haidharau safari. Inamtaja kwanza yule aliyekwenda, tena aliyekwenda kotekote, nyuma na mbele. Baharia ambaye hajatoka ngamani maisha yake yote hufua maji bila kujua yanaingilia wapi. Aliyetembea chombo kuanzia tezi hadi omo ameona ubao upi umelegea. Wahenga hawakuwa na shida na kutembea, ndiyo maana wakasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Shida yao ilikuwa kwa mtu anayeonja usukani akasahau maji, na huyo wakamwonya kwa methali nyingine ya baharini: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Nchi ya Bungoma na Kitale ina watu wawili ambao maisha yao yanaifasiri methali hii vizuri kuliko kamusi. Wa kwanza ni Masinde Muliro, mzaliwa wa Matili karibu na Kimilili, mwaka 1922. Mwaka 1949 alikuwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, mwaka mmoja tu baada ya chama cha Makaburu kushika serikali na kuanza kujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria, moja baada ya nyingine. Alisoma huko historia, falsafa na elimu huku dola hiyo ikisimamishwa mbele ya macho yake. Fikiria siku zake za mwisho Cape Town: anaiacha nchi inayofunga milango, na anayorudia, Kenya ya mwaka 1954, iko chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu wamejazwa kambini. Hakuna aliyemwandalia kiti. Alifundisha shule, akafundisha walimu katika chuo cha Siriba, na mwaka 1957 akawa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Miaka 35 baadaye alikuwa bado anafua maji. Agosti 1992 alisafiri hadi London kwa shughuli za chama cha FORD, cha kupigania siasa za vyama vingi, akaanguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi akiwa ametua tu.

Wa pili ni Michael Kijana Wamalwa, aliyezaliwa upande huohuo wa Kimilili mwaka 1944. Alihitimu King's College, Cambridge, mwaka 1968, akapokewa katika uwakili wa Kiingereza huko Lincoln's Inn. Kijana mwenye vyeti hivyo, ulimi mtamu namna ile na mapenzi ya vitabu, London ingemfaa sana. Alirudi kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kitivo chake cha sheria kilianza mwaka 1970. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka shahada ya sheria alikwenda Dar es Salaam au ng'ambo. Mwaka 1979 alichaguliwa mbunge wa Kitale Magharibi, na Januari 2003 akawa Makamu wa Rais. Alifariki London tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, akazikwa shambani kwake Kitale. Hospitali kubwa ya rufaa ya mji huo leo inaitwa kwa jina lake.

Katika matanga ya watu wa aina hiyo methali yetu husomwa tena, na mara nyingi vibaya. Watu huitumia kwa maana ya kaburi: alikwenda, amerudi, amelazwa kwao. Kwa Wabukusu, watu wa Muliro na Wamalwa, kuzikwa nyumbani ni jambo kubwa, wala silibezi. Lakini ngama haikuchimbwa kwa ajili ya maiti. Marejeo ya Wamalwa yalikuwa yale ya ujana, alipobeba shahada yake akaingia darasani Nairobi. Yale ya Agosti 2003 tulimrudisha sisi.

Kuna swali lingine ambalo watu wa huku hawawezi kulikwepa, nalo ni kwamba ngama yenyewe ni ipi. Muliro na Wamalwa wote walizaliwa Bungoma, na wote wamezikwa Trans Nzoia. Baada ya walowezi wa Kizungu kuondoka, familia nyingi za Wabukusu zilihamia huko, zikanunua mashamba au kupewa vipande katika mipango ya makazi. Kabla ya uhuru Muliro alipigania Kitale iwekwe katika Jimbo la Magharibi. Ikaangukia Bonde la Ufa. Vurugu za kikabila za mwaka 1991 na 1992 zikawafukuza watu wa Endebess na Saboti wakateremka tena hadi Bungoma, na zile za baada ya uchaguzi wa 2007 zikarudia kazi hiyo. Kwa mtoto wa familia ya namna hiyo, anayefunga sanduku lake huko Leeds au Minneapolis, "kwenu" si neno jepesi. Babu amezikwa Kimilili, baba analima Kiminini, nyumba aliyozaliwa iliteketezwa. Kama ngama ingekuwa mahali pa kuzaliwa tu, methali isingekuwa na la kumwambia. Lakini ngama ni pale maji ya chombo chako yanapokusanyika, na hilo analijua bila kuangalia ramani: ni pale ambapo tatizo likitokea usiku, simu itakayolia ni yake.

Niutendee haki upande wa pili. Wapo wasiorudi, na nimechoka kusikia wakitupiwa ile methali ya mkataa kwao ni mtumwa, hasa na watu wanaoishi kwa pesa zao. Fedha zilizotumwa Kenya na walio ng'ambo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Sehemu ya hizo imelipa karo Kamusinga, imeezeka mabati Webuye, imemtoa mgonjwa hospitali ya Bungoma. Huko ni kutuma ndoo. Ndoo ni kitu, na mahali pengine ndiyo iliyokosekana. Bado lazima awepo wa kuinama nayo, na mara nyingi huyo ni dada aliyebaki ambaye hakuna aliyemfanyia harambee wala kumsomea methali. Nadhani anayekaa ng'ambo huku akimjua dada huyo kwa jina, akimuuliza maji yamefika wapi kabla ya kuamua pesa zijenge nini, hajaitoroka ngama. Anayejenga ghorofa ya kufungiwa mwaka mzima ili aje kulala wiki mbili Desemba, huyo bado yuko tezi anapiga picha.

Na tusisahau kwamba zamani kurudi kulikuwa na nafasi za kurudia. Wale wanafunzi 81 waliopanda ndege ya kwanza ya Tom Mboya kwenda Marekani Septemba 1959, na mamia waliowafuata, walirejea wakati maofisa wa kikoloni wakihama ofisini. Viti vilikuwa bado vina joto. Anayeshuka leo hukuta tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka mitano, na shahada yake ya ng'ambo hungoja kwanza kutambuliwa rasmi. Hukuta wahitimu wenzake wakiendesha bodaboda katika steji ya Kanduyi. Kumwambia huyo "marejeo ni ngamani" halafu kumfungia mlango wa ngama ni kumtania, maana methali imetaja mahali pamoja pa kurudi ikachukulia kwamba waliokuwa chini watasogea kumpisha.

Kwa hiyo nusu ya maneno haya yanawahusu wanaopokea. Mboga ya mgeni kwa Waluhya ni kuku, na firigisi huwekewa mheshimiwa. Aliyerejea wiki ya kwanza atachinjiwa, atawekwa mbele kanisani, atasimulia theluji. Wiki ya tatu akiendelea kupewa firigisi na kunyamaziwa kila anaposema mahindi haya yanahifadhiwa vibaya, ajue bado anahesabiwa mgeni, na wengi huanza kutafuta tiketi hapo. Mama anayemwamsha alfajiri akamwambia gari la magunia limefika, na baba anayemkabidhi daftari la mikopo ya shamba pamoja na siri zake zote za aibu, wamemwonyesha upo wa kufulia maji uko wapi.