Kwanza Pointi, Ndipo Kabureta

Somo: Mathayo 5:23-24



Wengi wenu mnalijua gari langu, Volkswagen la mwaka 1967, maana mlikuwa mkilisikia kabla ya kuliona. Kwa miezi kadhaa injini ilitetemeka kila niliposimama, na mara nyingine ilizimika mlangoni pa kanisa. Dawa yangu ilikuwa nyepesi: nilichukua bisibisi nikapandisha silensa. Injini ikavuma, mtetemo ukafichika, nami nikaenda zangu nimeridhika.

Mwisho nikalipeleka kwa fundi, kijana ambaye walimu wake niliwafundisha mimi chuoni. Akasikiliza kidogo. "Shikamoo, Mwalimu. Silensa hii umeipandisha wewe?" Nikakiri. Akairudisha chini, na aibu yote ya injini ikatoka hadharani.

Hakugusa kabureta. Alifungua kifuniko cha distribyuta akanionyesha pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyofunga na kufunguka ili koili itoe cheche. Vilikuwa vimeungua, na nafasi kati yake imepungua. Akaweka vipya, akapima nafasi ya milimita 0.4. Ndipo akaja kwenye taimingi. Akazungusha puli mpaka alama ikakaa sawa na ungio la injini, nyuzi 7.5 kabla pistoni ya kwanza haijafika juu kabisa. Akaunga taa ndogo kwenye koili, akawasha swichi, akageuza distribyuta taratibu sana. Pale taa ilipowaka, ndipo pointi zilipofunguka, akakaza hapo. Kabureta ilikuja mwisho, na haikuhitaji kazi kubwa.

Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini usianze na kabureta?" Akajibu, "Mwalimu, ukibadili nafasi ya pointi, taimingi nayo inahama. Ukianza na kabureta unaifundisha injini kuvumilia ugonjwa." Nimefundisha miaka mingi, wala sikumbuki kusema neno zuri kama hilo.

Basi tazameni utaratibu wa Bwana wetu katika somo letu. Mtu amekwisha kufika madhabahuni, sadaka i mkononi, naye anakumbuka kwamba nduguye ana kinyongo naye. Haambiwi atoe upesi kisha aende. Haambiwi aongeze sadaka ili kufidia. Anaambiwa aiache pale pale, aende akapatane kwanza, halafu arudi. Sadaka haikukataliwa, inamngoja. Tena Bwana haulizi nani mwenye kosa. Hapo ndipo wengi wetu hujificha, tukisema, "Yeye ndiye aliyeanza."

Mimi nilisema hivyo miaka mitatu. Mdogo wangu nami hatukusemezana kwa sababu ya mpaka wa shamba alilotuachia baba. Na katika miaka hiyo hiyo nilikubali kuingia kamati mbili, nikaongoza mafundisho ya Biblia kila Jumatano, nikaahidi fedha za bati za jengo letu, nanyi mkanipigia makofi. Ndugu zangu, silensa ilikuwa juu. Nyumbani, nikikaa kimya jioni, nilikuwa natetemeka.

Jumamosi iliyofuata matengenezo yale nililiendesha gari mpaka kwake. Nilimkuta akipalilia mahindi. Alisimama na jembe kwa muda mrefu, nami nikaanza kufikiri nirudi. Kisha akasema, "Shikamoo, kaka." Sikuwa nimelisikia neno hilo kwake tangu matanga ya baba. Tukautembea mpaka wote pamoja, tangu mtoni hadi kwenye mwembe. Kuhusu huo mwembe bado hatujakubaliana, na Jumamosi hii nakwenda tena.

Bahasha yangu ya bati nimemwomba mtunza hazina asiipokee bado.