Je, Aliyeagiza Viatu Asivichukue Ameiba?

Huko Keshero, upande wa magharibi wa mji wa Goma, ardhi ni mawe meusi ya volkano. Mawe hayo ni makali, nayo hula soli za viatu upesi. Kwa hiyo mtu asiyetaka kununua viatu kila mara humwendea fundi wa ngozi. Huketi juu ya kigoda, huweka mguu wake juu ya karatasi, na fundi huuzungushia kalamu. Ndipo bei hupatanwa, arabuni hutolewa, na siku ya kuchukua viatu hutajwa.

Basi iwe hivi: mtu mmoja ameagiza viatu kwa namna hiyo, naye ametoa theluthi ya bei. Kabla ya siku kutimia anapita katika soko la Virunga, anaona viatu vya mtumba vya bei ndogo, anavinunua, wala harudi tena kwa fundi. Akiulizwa, hujibu: "Sikuiba kitu. Viatu anavyo yeye, na arabuni yangu nimemwachia. Faida ni yake." Je, amesema kweli?

Wengi wangemwachilia, kwa sababu hudhani kwamba kuiba ni kuchukua tu. Lakini itazamwe kazi yenyewe. Ngozi mbichi ya ng'ombe hutiwa chumvi isioze, hulowekwa katika chokaa mpaka manyoya yatoke, hukwanguliwa nyama, kisha hulazwa majuma mengi katika maji ya maganda ya miti. Fundi ameinunua ikiwa tayari, kwa fedha zake, pamoja na uzi, nta, gundi na soli. Ameikata kwa kuufuata ule mguu uliochorwa, mguu mmoja tu katika dunia nzima, wenye kidole kilichopinda na kisigino kipana. Ametoboa kwa msharasi tundu baada ya tundu. Ngozi iliyokwisha kukatwa hairudi kuwa nzima. Mwenye duka akikosa mnunuzi leo, kesho atampata mwingine. Fundi huyu atampata wapi? Viatu vile vina mteja mmoja, naye amekwenda zake. Arabuni hailipi hata ngozi, sembuse siku za mikono yake.

Kumbe mtu aweza kuondoka mikono mitupu, na hali amemtia mwenzake hasara kama vile angalimvunjia nyumba. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba anayemtia mtu hasara isivyo haki hana budi kuilipa, hata kama yeye mwenyewe hakupata kitu. Na katekisimu huhesabu kumnyima mfanyakazi malipo yake katika dhambi zile nne zinazolilia mbinguni, jirani kabisa na kuua. Jambo hili huwashangaza wengi wanaolisikia mara ya kwanza.

Kuna mwingine ambaye huvichukua viatu vyake na kulipa, lakini amekwisha kujua kwamba mtoto wa fundi ni mgonjwa na nyumbani hamna unga. Kwa hiyo amemshusha bei mpaka chini ya gharama ya ngozi, kisha husema: "Amekubali mwenyewe." Papa Leo wa XIII aliandika juu ya neno hilo katika barua yake ya mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi: anayekubali malipo haba kwa kuogopa baya zaidi amelazimishwa, hakukubali kwa hiari. Labda watu humdharau fundi wa ngozi kwa sababu ya harufu ya kazi yake. Hata Wayahudi wa kale waliiona kazi hiyo kuwa najisi. Lakini Mtume Petro alipokuwa Yafa alikaa siku nyingi nyumbani kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi, na ni katika nyumba hiyo wajumbe wa Kornelio walimkuta.

Fundi naye asijione mtakatifu. Yuko anayepokea arabuni ya huyu akamalizia nayo kazi ya yule, kisha kila Jumamosi husema, "Njoo kesho kutwa." Yuko anayeahidi ngozi mpaka ndani, akaficha boksi la karatasi chini ya unyayo, mahali ambapo jicho la mteja halifiki mpaka mvua inyeshe. Huyo ameuza neno lake pamoja na kiatu, na vyote viwili ni bandia.

Lakini likiwako jambo lililomshinda mtu kweli? Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na baada ya siku chache watu wengi wa Goma walikimbia kwa njia ya Sake. Januari 2025 vita viliingia mjini, na mabenki yakafunga milango. Mtu aliyekimbia na watoto mgongoni hakutenda dhambi kwa kutofika siku ya viatu, wala fundi aliyekula arabuni njiani ili asife njaa. Lakini deni lililolala halijafa. Siku kila mmoja arudipo, ahadi huamka pamoja naye, na anayejificha kwa kuzunguka njia nyingine asipite mbele ya kibanda anajua vema sababu ya kuzunguka.

Mtu wa mfano wetu, basi, na amwendee fundi. Kama fedha zote hana, atoe alizo nazo na kutaja siku ya zilizobaki, na siku hiyo afike. Huenda viatu bado viko chini ya meza, vimefungwa katika gazeti, na ile karatasi ya mguu wake imekunjwa ndani.