Shahidi Aliye Ndugu

Mwaka 1930 kimondo kilianguka Malampaka, wilayani Maswa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Simiyu. Kabla ya kufika duniani, jiwe la namna hiyo huzurura angani likipigwa na protoni za miale ya kosmiki. Mapigo hayo huvunja viini vya atomi ndani yake na kuacha masalia mepesi, kama heliamu-3 na beriliamu-10. Mtaalamu akiyapima masalia hayo, hukadiria jiwe lilikaa wazi angani kwa miaka mingapi. Hakuna aliyeishuhudia safari yenyewe. Ushahidi ni alama za kugongwa tu.

Je, undani wa kitu unaweza kujulikana bila kukigonga? Kwa kiini cha atomi, mara nyingi haiwezekani. Nuru tunayoonea haina uwezo wa kuonyesha kitu kidogo kiasi hicho. Ernest Rutherford alitambua mwaka 1911 kwamba kiini kipo baada ya chembe za alfa kurushwa kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu na chache kati yake kurudi nyuma. Tangu hapo swali gumu limekuwa hili: turushe nini?

Robert Hofstadter alirusha elektroni kule Stanford miaka ya 1950, na mwaka 1961 akapewa Tuzo ya Nobel. Elektroni ni shahidi safi. Inaongozwa na nguvu ya umeme, ambayo tunaifahamu vizuri, na hesabu zake hazina mizengwe. Tatizo ni kwamba nyutroni haina chaji, kwa hiyo elektroni huipita karibu bila kuihisi. Protoni ni mwana wa nyumba moja na nyutroni. Inaguswa na nguvu ya nyuklia, na inagongana na nyutroni pia, si na protoni mwenzake tu. Lakini nguvu hiyo ni kali na imejaa utata, na mara nyingine protoni hugonga zaidi ya mara moja kabla ya kutoka. Ukipima pembe iliyotokea nayo, si rahisi kutenga habari za kiini na habari za mgongaji.

Wanaoamini kwamba asiyehusika ndiye ajuaye zaidi, waende Itilima, mkoani Simiyu kulekule, wakamuulize mzee mmoja idadi ya ng'ombe wake. Mdadisi kutoka Dar es Salaam atatajiwa namba, ataiandika, na fomu yake itakuwa nadhifu. Kijana wa Bariadi aliyezaliwa katika ukoo wa mzee huyo atasema "Shikamoo, babu," atakaribishwa kiti, na mazungumzo yakikolea ataambiwa kwamba wengine wako kwa mjomba na wengine wanangoja kutolewa mahari. Ila huenda mahari yenyewe ni yake, na mzee analijua hilo anapojibu.

Mimi namchagua kijana, na kwa sababu hiyohiyo naichagua protoni. Kwa mfano, lithiamu-11 ina protoni 3 na nyutroni 8. Mwaka 1985 Isao Tanihata na wenzake, kule Berkeley, waliikuta kubwa isivyo kawaida, na baadaye ikaelezwa kwamba nyutroni zake 2 za nje hutangatanga mbali na wenzao. Habari za wazururaji wasio na chaji zinahitaji shahidi anayewahisi.

Ila nusu-maisha ya lithiamu-11 haifiki sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo huwezi kuiweka ikae kama shabaha. Huko Darmstadt, Ujerumani, watafiti wa kituo cha GSI waligeuza mambo: kiini ndicho kilichorushwa, kwa zaidi ya robo tatu ya kasi ya nuru, kuelekea protoni zilizotulia ndani ya gesi ya haidrojeni. Gesi hiyohiyo ilikuwa shabaha na pia kipimo. Kwa hesabu za fizikia hakuna kilichoharibika, maana kinachohesabiwa ni mwendo wa kimoja kuhusiana na kingine. Nani basi alimuuliza mwenzake?

Kwa heliamu-6, kiini kingine walichokirusha, watafiti hao walijaribu maumbo kadhaa ya mgawanyo wa mata ndani ya kiini, na zaidi ya moja likalingana vema na vipimo vilevile. Maumbo hayo yalikubaliana kuhusu ukubwa wa kiini kwa ujumla. Kuhusu ukingo wa mbali kabisa, ambako nyutroni ni haba na migongano ni michache, vipimo vile peke yake havikutosha kuchagua, na mtafiti alilazimika kuegemea nadharia aliyokuja nayo.