Ruhusa ya Kuua na Haki ya Jirani

Katika milima ya Dzalanyama, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Lilongwe, kipo kilima kiitwacho Kaphirintiwa, ambapo Wachewa husimulia kwamba Chiuta, yaani Mungu, alimteremsha mtu wa kwanza na mkewe pamoja na wanyama wote, wakaishi kwa suluhu hata mtu alipovumbua moto kwa kupekecha vijiti. Nyasi zikashika, msitu ukaungua, mbwa na mbuzi wakamkimbilia mtu, ndovu na simba wakatokomea na chuki vifuani, naye Mungu akapanda mbinguni kwa uzi wa buibui. Sisi tuliotoka Fizi, Uvira na Bujumbura tukafikia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na wale wetu waliopata kuishi mtaa wa Chilinde mjini Lilongwe, tumeisikia hadithi hii kwa jirani zetu, nami naona ndani yake swali ambalo sheria za uwindaji hazijalijibu bado: maadamu uadui huu uliingia kwa taksiri ya mwanadamu, ni kwa idhini ya nani mwanadamu huyo huyo hukata leseni, akamwua ndovu, kisha akadai kuwa amemwua ili ndovu wahifadhike?

Hoja ya wanaoutetea uwindaji wenye mpaka si dhaifu, wala haifai kudharauliwa. Wao husema kwamba pori lisilomfaa aliye karibu nalo litageuzwa shamba au makaa. Kwamba mwindaji mgeni, kwa kumpiga dume mmoja mzee, huacha fedha za kuwalipa askari walindao mamia. Na kwamba hayawani wakizidi kadiri ya ardhi huiharibu, wakafa kwa njaa, kama walivyohofu wasimamizi wa Kruger, Afrika Kusini, waliowapunguza ndovu kwa risasi tangu 1967 hadi 1994. Lakini tukiipima hoja hii kwa yaliyotukia, na hoja ya wapinzani wao vilevile, mizani hailali upande wo wote. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na hata hivyo wanyama wake wakubwa wa nyanda kavu wakapungua kwa wastani wa asilimia 68 ilipofika 2016. Tanzania iliendelea kukodisha vitalu vya uwindaji, na ndovu wake, waliokadiriwa kuwa 109,000 mwaka 2009, wakabaki takriban 43,000 mwaka 2014, kwa bunduki za majangili. Katazo halikuwaokoa wale, wala leseni haikuwaokoa hawa. Basi yafaa tuulize jambo lililo chini ya yote mawili, nalo ni insafu.

Dini yetu haikuharimisha kuwinda. Mwenye haja humwachilia mbwa wake au mshale wake kwa jina la Mwenyezi Mungu, akala na watu wake wakala. Ila ruhusa hiyo ina mipaka mikali: aliyehirimia Hija amekatazwa mawindo ya nchi kavu, na akiua kwa kusudi sharti atoe mnyama wa kufugwa aliye mfano wa yule aliyemwua, kwa hukumu ya waadilifu wawili, au kafara nyingine badala yake, na yako mapokezi kwamba shomoro aliyeuawa kwa mchezo atashitaki kwa Mola wake Siku ya Kiama. Ndugu zetu Wakristo nao wanayo katika Torati amri ya kumwacha mama wa ndege aende zake wakati makinda yanapochukuliwa. Kwa sababu hiyo sioni kwamba ada, ingawa ni ya maelfu ya dola, yaweza kuitakasa nia ya mtu aliyesafiri kutoka mbali ili ajipatie kichwa cha kutundika ukutani. Fedha zake zaweza kufanya kheri. Roho aliyoitoa kwa anasa inabaki katika hesabu yake.

Hata hivyo dhambi ya mwindaji tajiri si ndiyo inayonielemea zaidi. Gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1896, akataka leseni ya kulipiwa, wenyeji waliokuwa wakiwinda tangu enzi za babu zao walijikuta wakosaji porini mwao wenyewe, na tangu siku hizo, katika nchi nyingi, hifadhi imekuwa ikifunguka kwa mwenye mali na kufungwa kwa asiye nacho. Linganisha na wasia wa Amirul-Muuminina Umar bin Khattab kwa Hunayy, aliyemweka kuwa mlinzi wa hima, yaani malisho yaliyotengwa: alimwagiza amwingize mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na aizuie mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan, ijapokuwa walikuwa masahaba watukufu, kwani hao, mifugo yao ikifa, wanayo mitende na mashamba ya kurejea, ilhali fukara akifilisika atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa. Umar hakuliacha pori liliwe ovyo, wala hakuufungua mlango wake kwa bei.

Nao wenye huruma kwa wanyama wana deni lao. Mwezi Julai 2022, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Liwonde ilikuwa imejaa ndovu, Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya Malawi na mashirika yaliyoshirikiana nayo waliwahamisha ndovu 263 hadi hifadhi ya Kasungu, mpakani na Zambia, ambako ujangili ulikuwa umebakiza takriban hamsini tu mwaka 2015. Hakuna risasi ya kuua iliyopigwa, na kwa hilo nashukuru. Lakini uzio wa Kasungu haukuwa umekamilika, ndovu wakatoka, wakala mahindi, wakawaua watu upande wa Malawi na upande wa Zambia. Mkulima wa mpakani, ambaye sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 yaweza kumfunga hata miaka 30 kwa makosa makubwa dhidi ya wanyama wanaolindwa, ndiye aliyeilipia rehema ile kwa ghala lake na kwa maiti wa nyumbani mwake. Rehema inayolipiwa na asiyeulizwa ni dhuluma, sawasawa na leseni inayouzwa bila yeye kujua.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba kuua kwa kadiri kunajuzu penye haja: chakula, au usalama wa watu, au ardhi iliyoelemewa. Namibia, mwaka 2024, katika ukame ule ule uliotuchomea mahindi hapa, iliamuru wanyama 723 wavunwe, wakiwemo ndovu 83, na nyama igawiwe wenye njaa. Sikuliona hilo kuwa haramu. Lakini haja hiyo haiwezi kupimwa na ofisi peke yake, wala na mfadhili aliye ng'ambo. Enyi mnaoandika idadi ya watakaouawa au ya watakaohamishwa, waiteni kwanza waadilifu wa vijiji vya Kasungu, na msitie sahihi mpaka wao wametia yao.