Anachokijua Mtoto Anayeimba

Vipindi vya muziki, uchoraji, michezo na lugha za ziada vimekaa kwa muda mrefu pembezoni mwa ratiba ya shule za msingi za Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa na masomo ya Haiba na Michezo na Stadi za Kazi, lakini hayakuwamo katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, na mara nyingi mtihani ulipokaribia vipindi vyake vilimezwa na Hisabati au Kiingereza. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo. Kenya nayo, tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika mwaka 2019, imezipa sanaa na mazoezi ya mwili nafasi ya wazi tangu madarasa ya chini. Nyuma ya mabadiliko hayo ya ratiba kuna swali la kale la kifalsafa: mtoto anayetoka kwenye kipindi cha kuimba ametoka na elimu, au amepumzishwa tu ili arudi kwenye elimu? Shule haiwezi kukitetea kwa muda mrefu kipindi ambacho yenyewe inakihesabu kuwa mapumziko, kwa hiyo jibu la swali hili lina uzito.

Wanaosema ni mapumziko wana hoja inayostahili kusikilizwa. Kwao elimu ni jambo linaloweza kutamkwa, kuandikwa, kuthibitishwa na kukabidhiwa mtu mwingine. Kwamba kilele cha Kilimanjaro kina urefu wa mita 5,895 ni elimu ya namna hiyo; mwalimu akiitaja, mwanafunzi anaipata kama ilivyo, na kesho anaweza kumpa mwenzake bila kupungua. Kudaka mpira hakukabidhiwi hivyo, wala kuimba sauti ya pili bila kuvutwa na walioshika sauti ya kwanza. Kwa kuwa mambo haya hayasemeki, hoja inaendelea, ni mazoea ya misuli na ya koo, na akili haimo.

Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, aliishambulia hoja hiyo katika kitabu chake The Concept of Mind cha mwaka 1949. Ikiwa kila tendo la akili lingehitaji kutanguliwa na kanuni iliyofikiriwa, basi kuitumia kanuni hiyo vizuri nako kungehitaji kanuni nyingine, na hiyo nyingine tena, bila kikomo; hakuna ambaye angewahi kuanza kutenda. Lazima basi kuwe na kujua ambako kumo ndani ya tendo lenyewe. Ryle alitenganisha pia mazoea na ustadi. Mazoea hurudia kitendo kilekile, ilhali ustadi hujisahihisha, kila jaribio likifundishwa na lililotangulia. Mtoto anayechora mkono mara tano hajarudia mchoro mmoja mara tano. Michael Polanyi, aliyekuwa mkemia kabla ya kugeukia falsafa, alikwenda mbali zaidi katika The Tacit Dimension ya mwaka 1966. Hata mwanasayansi katika maabara, alisema, hutegemea ujuzi ambao hawezi kuumaliza kwa maneno.

Watu wa pwani hawakuhitaji kungoja Oxford. Katika vyuo vya Kurani vya Lamu, Mombasa au Zanzibar, mtoto anaweza kukariri kwamba herufi ya dhadi hutolewa kwa ubavu wa ulimi ukikutana na magego ya juu, akajibu hivyo kila anapoulizwa, na bado akashindwa kuitoa. Ndiyo maana tajwidi, yaani usomaji sahihi wa Kurani, husomwa mbele ya mwalimu. Mwanafunzi husoma, mwalimu husikiliza, humkatisha, humsomea, naye hurudia mpaka iwe sawa. Kitabu cha kanuni kipo na kinaheshimiwa, ila hakuna anayepewa ruhusa ya kufundisha kwa kukijua kitabu peke yake. Elimu hii imo kinywani na sikioni, na hakuna mzee wa pwani anayeiita mchezo. Anayekubali kwamba usomaji sahihi wa Kurani ni elimu amekwisha kukubali kwamba elimu inaweza kukaa mwilini, na kinachobaki ni kuuliza kama kanuni hiyo inafika pia kwenye ngoma, brashi na uwanja.

Juu ya muziki, Plato alijibu bila kusitasita. Katika kitabu cha pili na cha tatu cha Jamhuri aliutanguliza katika malezi kwa sababu mahadhi na midundo huingia rohoni kabla ya hoja. Mtoto aliyelelewa ndani ya sauti nzuri huuchukia ubaya kabla hajaweza kueleza kwa nini ni ubaya, na hoja ikija baadaye huipokea kama rafiki anayemfahamu. Hapo Plato aliona kweli. Hatua iliyofuata ndiyo yenye tatizo: kwa kuwa muziki una nguvu hiyo, alitaka serikali ipige marufuku mahadhi ya huzuni na ya ulegevu. Mtoto aliyepewa nyimbo za ujasiri tu hajifunzi namna ya kuomboleza, na msiba hauchagui umri.

Aristotle, mwanafunzi wake, alikuwa mpole zaidi na sahihi zaidi. Katika kitabu cha nane cha Siasa anauliza kwa nini watoto wajifunze kuimba na kupiga ala wenyewe badala ya kuwasikiliza mafundi, na anajibu kwamba ni vigumu kuwa mwamuzi mzuri wa jambo ambalo mtu hakuwahi kulitenda. Aliweka na mpaka: mtoto asisukumwe kufikia maajabu ya wapiga ala wa mashindano. Kuhusu uchoraji alikubali kwamba unamsaidia mtu asidanganywe anaponunua vyombo, kisha akasema faida yake kubwa ni kumfanya mtoto aone uzuri wa maumbo. Maneno hayo yanahitajika leo, maana watetezi wa sanaa shuleni mara nyingi huomba nafasi kwa kuahidi ajira au alama bora za hesabu. Ahadi hizo huenda zikatimia au zisitimie. Mtoto aliyekaa nusu saa akichora jani la mwembe, akagundua kwamba mishipa yake haikai alivyodhani, amejifunza kutazama, na jambo hilo halihitaji dhamana ya somo jingine.

Kuna pia swali la sanaa ya nani. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake bungeni Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Julius Nyerere alisikitika kwamba wasomi walifundishwa kucheza na kuimba kwa mitindo ya wageni huku wakiwa hawajui ngoma za kwao. Hoja yake ilikuwa ya kifalsafa kabla ya kuwa ya kisiasa. Ikiwa wimbo huunda roho kabla ya hoja, shule inayofundisha nyimbo za mbali peke yake humfanya mtoto awe mgeni kwa bibi yake.

Dini nazo zina neno hapa, na shule ya umma yenye watoto wa imani mbalimbali haiwezi kujifanya haisikii. Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana kwa karne nyingi juu ya ala za muziki. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din juu ya usikilizaji wa muziki na mashairi, akauruhusu kwa masharti. Kuhusu picha za viumbe wenye roho, kuna mapokeo ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kumwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Mwalimu anayewalazimisha watoto wote wachore sura ya mtu hukiuka dhamiri ya baadhi yao pasipo sababu, kwani jicho linaweza kufundishwa vilevile kwa maua na mikufu iliyochongwa kwenye milango ya Zanzibar na Lamu. Makanisa, kwa upande wao, yamefanya kwaya kuwa shule ya muziki ya watu wengi. Watoto wengi hufika darasani wakiwa wameshazoea kushika sauti yao kati ya sauti nne, na mwalimu mwerevu huanzia hapo.

Katika michezo, hatari ya kukosea ni kubwa zaidi kwa sababu ushindi unaonekana. Aristotle aliwalaumu Wasparta kwa kuwafanya watoto wakali kwa mazoezi mazito. Akaongeza ushahidi unaopaswa kubandikwa kwenye kila chumba cha kocha wa watoto: kati ya washindi wa Olimpiki, alisema, ni wawili au watatu tu walioshinda wakiwa wavulana na wakashinda tena wakiwa watu wazima, kwa kuwa mazoezi ya utotoni yaliwamaliza nguvu. Al-Ghazali naye, akitokea upande mwingine kabisa, alitaka mtoto aruhusiwe kucheza baada ya chuo, kwani kumzuia na kumchosha kwa masomo huua moyo wake na kuzima wepesi wa akili yake.

Lakini mchezo hufanya zaidi ya kuuhuisha moyo. Mwanasaikolojia Jean Piaget, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1932 juu ya hukumu za kimaadili za mtoto, aliwachunguza watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi. Wadogo waliona kanuni za mchezo kuwa takatifu, zimetoka kwa wakubwa au kwa Mungu, hazibadiliki, ingawa wao wenyewe walizivunja bila kujua. Watoto wakubwa zaidi waliziona kuwa mapatano. Zingeweza kubadilishwa wote wakikubali, na kwa sababu hiyo walizishika kwa uaminifu zaidi. Yeyote aliyewatazama wasichana wakicheza rede, wakibishana kama mpira umemgusa aliye katikati au haukumgusa, amewaona wakitunga sheria, wakishtakiana na kuhukumu, bila mtu mzima. Mwalimu wa michezo anayeamua kila ubishi kwa filimbi huwanyang'anya sehemu iliyo bora ya somo.

Lugha ya ziada ni jambo la tatu, na kwa watoto wengi si ya ziada hata kidogo. Kwa mtoto wa Mbulu anayezungumza Kiiraqw nyumbani, au wa Kisumu anayezungumza Dholuo, Kiswahili chenyewe ni lugha ya shule, kisha hufuata Kiingereza, na kwingine Kiarabu, Kifaransa au Kichina. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo, anasimulia katika Maungamo kwamba Kilatini alikipata bila mateso, kati ya walezi waliombembeleza na watu waliocheka naye, ilhali Kigiriki alikifundishwa kwa vitisho akakichukia, japo hadithi zake zilikuwa tamu. Alihitimisha kwamba udadisi huru una nguvu kuliko woga katika kujifunza lugha. Ludwig Wittgenstein aliufungua uchunguzi wake wa falsafa, uliochapishwa mwaka 1953, kwa kifungu cha Augustino huyohuyo, akapinga wazo kwamba kujua lugha ni kujua majina ya vitu. Kwake, lugha hujulikana kwa kushiriki shughuli: kuamuru, kuomba, kushukuru, kutania. Mtoto mwenye orodha ya maneno mia mbili ya Kiingereza asiyeweza kuomba maji bado hajaingia ndani ya lugha hiyo.

Woga aliousema Augustino uliingia pia katika shule za Kenya ya kikoloni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi watoto walivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu kwa kusema Gikuyu shuleni. Kiingereza kilichopatikana hivyo kilikuja pamoja na fundisho jingine ambalo halikuandikwa kwenye mtaala wowote, kwamba mama yako anasema lugha ya kuonewa haya. Lugha ya pili ikifundishwa kwa heshima hufanya kinyume chake. Mwanafunzi wa Kiarabu hugundua kwamba kitenzi humdai atofautishe mwanamume na mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakimuulizi, na kwa mara ya kwanza anaiona lugha yake mwenyewe kuwa njia mojawapo ya kuupanga ulimwengu.

Yote haya yanaweka masharti juu ya upimaji. Karatasi inayouliza ngoma ina sehemu ngapi hupima kumbukumbu, wala haimgusi mpigaji. Katika darasa la watoto themanini, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja kila wiki, ila anaweza kusikiliza kundi la watano likiimba mstari mmoja, kuliruhusu lirudie, na kuandika kilichobadilika kati ya jaribio la kwanza na la pili, kwa kuwa badiliko hilo ndilo Ryle aliloliita alama ya ustadi. Kazi hiyo inahitaji mwalimu anayejua kuimba, kucheza au kuzungumza anachofundisha. Aliyekabidhiwa somo kwa sababu tu ratiba yake ilikuwa na nafasi hataisikia tofauti, na atalazimika kurudi kwenye maswali ya kuandika.