Ushahidi juu ya Asiyekuwapo

Bibliografia yenye maelezo, yaani orodha ya vitabu na makala ambamo kila chapisho hufuatwa na aya fupi ya kulieleza na kulipima, hufundishwa vyuoni kama suala la mpangilio tu: jina la mwandishi, mwaka, anwani ya kitabu, mchapishaji, kisha maneno mia moja hivi. Hayo hayachukui muda kujifunza. Kinachosahauliwa ni kwamba mwanafunzi anayepima kazi ya mtu asiyekuwapo kujitetea, na ambaye pengine alikwisha kufa, anatoa ushahidi.

Wanazuoni wa Hadithi walilikabili jambo hili katika elimu ya jarh na taadili, inayochunguza udhaifu na uadilifu wa wapokezi. Kwa kuwa kumtaja mtu kwa aibu yake akiwa hayupo ni kusengenya, na kusengenya ni haramu, ilibidi ielezwe kwa nini mpokezi aweze kuitwa dhaifu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliliweka hilo katika Riyadhus Salihin miongoni mwa mambo yanayoruhusiwa kwa ajili ya haja. Palipo na haja pana mpaka, hivyo kinachosemwa ni kile tu ambacho msomaji anakihitaji ili asipotoke. Wakristo nao wana amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, na ni vigumu kuona kwa nini mwandishi wa kitabu asihesabiwe kuwa jirani.

Na achukuliwe mwanafunzi wa Chebunyo, katika kaunti ya Bomet, anayekusanya marejeo kuhusu Asis, Mungu wa Wakipsigis katika dini yao ya jadi, ili ajue kama jua lilikuwa Mungu mwenyewe au ishara yake. Atakutana na The Kipsigis cha Ian Orchardson, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1961, naye akiridhika na ukurasa wa jalada ataandika kwamba hayo ndiyo maoni ya Orchardson ya mwaka huo. Atakuwa ameshuhudia uongo bila kukusudia, kwani muswada uliandikwa Kericho kati ya 1929 na 1937, na A. T. Matson ndiye aliyeufupisha, akauhariri na kuandika upya baadhi ya sehemu. Maelezo ya haki yangesema hivi: “Muswada wa kabla ya vita, uliopitia mkono wa mhariri, unafaa kwa habari za mila, lakini maneno yake yasinukuliwe kana kwamba yote ni ya Orchardson.” Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko muhtasari mrefu ulionakiliwa kutoka nyuma ya kitabu, desturi ambayo, kusema kweli, ni kushuhudia jambo ambalo shahidi hakuliona.

Waandishi wengine juu ya Wakipsigis, Peristiany (1939) na Mwanzi (1977), hawana utata wa namna hiyo; inatosha kueleza kwamba wa kwanza alichunguza taasisi za jamii na wa pili aliandika historia.

Mgumu zaidi ni mzee wa kijijini, ambaye hana mchapishaji wala jalada. Kumwacha nje ya orodha ni kuamua kimyakimya kwamba kilichochapwa ndicho kilichojulikana, na kumwingiza bila kumpima ni kumheshimu kwa namna isiyomfaa msomaji. Kwa hiyo, akisharidhia jina lake litajwe, huandikwa pamoja na rika lake, kwa mfano Chumo au Sawe, tarehe na mahali pa mazungumzo, aliyemsimulia yeye habari hizo, na kama aliwahi kukisoma kitabu cha Orchardson.